Programu ni yako, lakini mistari yote ni yako?

Niliandika programu ndogo ya kuchambua kumbukumbu za seva, nikaitoa bila kufikiri sana kwa leseni ya GPL, inayomtaka anayesambaza programu iliyojengwa juu yake aitoe kwa masharti yaleyale. Baadaye watu waliotaka kuitumia ndani ya programu zao wakaniomba niihamishie MIT, leseni yenye masharti machache sana. Nikajiambia: mwenye mali ni mimi, nabadilisha faili la leseni, kazi imekwisha.

Nusu yake ilikuwa kweli. GPL haimfungi mwenye hakimiliki, kwa kuwa yeye ndiye anayeitoa. Anaweza kutoa toleo lijalo kwa masharti mengine, au kutoa programu ileile kwa leseni mbili, kama hifadhidata ya MySQL: GPL kwa umma, leseni ya biashara kwa anayelipa. Asichoweza ni kumpokonya mtu nakala aliyokwisha kupewa. Hifadhidata ya Redis ilipoiacha BSD, leseni nyepesi kama MIT, mwezi Machi 2024, wasioridhika walichukua msimbo wa awali wakauendeleza kwa jina la Valkey. Hakuna aliyeweza kuwazuia.

Nusu ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Watu tisa walikuwa wamenitumia marekebisho, na kuyapokea hakukuyafanya yawe yangu. Kila mmoja alibaki na hakimiliki ya alichoandika. Nikaanza kuwaandikia. Saba walikubali upesi. Wa nane akanijibu kwamba aliandika akiwa kazini, hivyo mwenye neno ni mwajiri wake. Kibali kilichukua miezi miwili. Wa tisa hakupatikana kabisa, na kunyamaza si ridhaa. Nikafuta sehemu yake, nikamweleza rafiki ambaye hajawahi kuiona kile inachopaswa kufanya, akaiandika upya bila kunakili.

Na hao walikuwa tisa tu! Watengenezaji wa VLC, programu ya kuchezea video, walipohamisha kiini chake kutoka GPL kwenda LGPL, ndugu yake iliyo legevu zaidi, mwaka 2011, waliwasaka waandishi mmoja mmoja. Linux yenye maelfu ya wachangiaji, wengine marehemu, sioni itakavyotoka GPL toleo la 2.

Kama michango imekuja kwa MIT au BSD, mzigo ni mwepesi: unaweza kuichanganya na masharti mapya mradi tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni ya awali yabaki.

Siku hizi, kabla ya kupokea mchango wa kwanza, naandika wazi unaingia kwa leseni gani. Mkataba wa wachangiaji unaompa mtu mmoja ruhusa ya kubadilisha leseni hurahisisha mambo, ila ukiwa wewe ndiye mchangiaji, usome kwanza. Mimi nimewahi kukataa kuusaini mara mbili.