Swali la lugha: Logo, chapa au nembo?

Msomaji wa Morogoro anayefasiri habari za biashara ameniletea sentensi hii: "Kampuni ya wazawa wa Australia yazindua logo mpya inayoelezea urithi wao." Habari yenyewe ni ya kampuni ya Waaborijini, yaani watu wa asili wa Australia. Mhariri wake amefuta "logo" akaandika "chapa", na msomaji anataka kujua kama amesahihishwa au ameharibiwa.

Ningeandika nembo, na sababu yangu inazidi kule kuwa neno hilo limezoeleka. Leo ukitaja nembo watu wanafikiria kichwa cha barua ya ofisi, au Nembo ya Taifa yenye bibi na bwana. Fungua kamusi za zamani, utakuta maana nyingine: chale za kabila, alama zinazochanjwa mwilini. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma huziita dinembo. Ni mistari ya pembepembe kwenye mashavu na paji la uso, iliyochanjwa kwa kisu kisha ikasuguliwa mkaa wa mbarika mpaka ikatoa weusi wa kibuluu. Mzee mwenye dinembo hakuhitaji kujitambulisha kwao; uso ulikuwa umeshasema. Kwa hiyo neno hili lilikaa kwenye ngozi ya watu muda mrefu kabla ya kuhamia kwenye mlango wa ofisi.

Sasa tazama kwa Waaborijini wa jangwa la magharibi. Michoro yao nayo ilikuwa ikipakwa mwilini wakati wa ibada na kuchorwa mchangani, kabla ya kuhamia kwenye mbao na turubai huko Papunya, makazi yao katikati ya Australia, mwaka 1971. Mwaka uliofuata wachoraji wakaunda kampuni yao wenyewe, Papunya Tula Artists, ambayo hadi leo ni mali ya Waaborijini. Katika michoro hiyo, duara ndani ya duara mara nyingi ni kisima au kambi. Umbo la herufi U ni mtu aliyeketi, maana ndiyo alama anayoiacha mchangani akikaa amekunja miguu. Michoro ya namna hiyo ikiingia kwenye bango la kampuni, Kiswahili kina neno lililopita njia ileile. Kuliacha ni hasara.

Chapa ni kitu kingine. Mfugaji hupiga chapa ng'ombe kwa chuma cha moto ili ajulikane ni wa nani, na mfanyabiashara anayejenga chapa anajenga jina lake sokoni. Nembo ni sehemu tu ya kazi hiyo. Lipo pia rajamu, neno zuri linalosahaulika: kunjua kanga ya Mombasa uangalie maandishi madogo pembeni, "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hiyo ndiyo rajamu, alama ya mwenye mali. Logo si kosa, ila halina cha kuongeza hapa.

Kinachonisumbua zaidi ni "wazawa". Mtanzania akisikia kampuni ya wazawa anaelewa kampuni ya raia waliozaliwa nchini. Kwa maana hiyo hata mjukuu wa mlowezi wa Kiingereza ni mzawa wa Australia, na habari yote imepotea. "Wenyeji" ni afadhali, kwani asili yake ni mwenye mji, lakini kwenye habari za biashara au michezo mwenyeji ni yule anayepokea wageni. "Watu wa jamii za asili" linafaa unapozungumzia watu wa namna hiyo duniani kote. Hapa tunawajua ni akina nani, basi watajwe. Hakuna anayeandika "kampuni ya wenyeji" akimaanisha ya Wamasai.

Na "inayoelezea"? Anayeelezea ni mtu mwenye maneno. Nembo hubeba. "Urithi wao" uache kama ulivyo, usikubali mhariri auandike "urithi wake" ati kwa sababu kampuni ni moja. Urithi ni wa watu.

Andika hivi: "Kampuni ya Waaborijini wa Australia yazindua nembo mpya inayobeba urithi wao." Na kama taarifa uliyonayo inataja jamii mahususi miongoni mwao, kama Wapintupi au Waluritja, ondoa Waaborijini, weka jina hilo.