Mota ya kinu cha chumvi inaungua kila msimu, nichukue ya farasi 15?

SWALI: Habari fundi. Nipo Lindi, nina kinu cha kusaga chumvi, mota yake farasi 10 fezi tatu. Imeungua mara mbili, zote siku za mwanzo mwanzo wa msimu. Fundi aliyeisuka waya upya kasema ni ndogo, ninunue ya farasi 15. Ni kweli?

JIBU: Salama kaka. Jibu umelitaja mwenyewe humo humo kwenye swali, inaungua mwanzo wa msimu. Mota iliyozidiwa huungua kazi imepamba moto, kinu kimejaa, ampia ziko juu. Yako inakaa bure kuanzia mvua za Desemba mpaka Mei huko, kwenye banda hatua chache toka kwenye majaruba, halafu siku ya kwanza unabonyeza swichi, paa. Hiyo imekufa ikiwa imelala, na ya farasi 15 utailaza hapo hapo itakufa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba utakuwa umetoa hela nyingi zaidi.

Iko hivi. Mota inapumua, hata iliyofungwa vizuri. Ikipata moto hewa ya ndani inatanuka inatoka pembeni ya shafti, ukiizima jioni inapoa inavuta hewa nyingine ndani, na hewa ya pwani kwetu unaijua, ina maji na chumvi. Chumvi ikishakaa kwenye waya inafyonza unyevu usiku, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri sana. Niliwahi kufungua moja Mikindani, vichwa vya koili vyeupe kama vimenyunyiziwa unga wa muhogo, na kwenye boksi la nyaya tundu la kebo limezibwa na kitambaa! Gilandi, kile kibano cha kuziba pembeni ya kebo, ni ya bei ndogo tu jamani.

Sasa ukinunua chukua farasi 10 ile ile (kilowati 7.5) ila ya kazi ngumu. Bodi iwe ya kastaini, chuma cha kusubu kile kizito, maana aluminiamu na chumvi haviivi chungu kimoja, mapezi yanaliwa yanageuka unga. Kwenye kibao tafuta namba ya IP, yaani kinga ya vumbi na maji kuingia ndani, IP55 kushuka chini usikubali, ukipata IP66 ndio vizuri zaidi kwa vumbi la chumvi, lakini usidhani hiyo namba inazuia kutu au umande wa ndani, haihusiki kabisa. Umande dawa yake ni hita ya ndani, uiagize mapema toka kiwandani, inawaka mota ikizimwa na inajizima mota ikiwaka, kwahiyo mwambie fundi aipitishe kwenye kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota. Na matundu ya kutolea maji yawe upande wa chini kabisa, nimeona mota imefungwa kwa kulala ubavu tundu likaangalia dirishani, na nyingine limepigwa rangi likaziba. Insulesheni, yaani kinga ya waya za ndani, iwe klasi F (inavumilia nyuzi 155) lakini joto lake likae kwenye kiwango cha klasi B (nyuzi 130), hapo unakuwa na akiba, kwa sababu kila nyuzi 10 zinazozidi umri wa insulesheni unakatika karibu nusu.

Za mtumba toka Marekani ni imara kweli ila soma kibao, nyingi ni hezi 60, kwa hezi 50 zetu mzunguko unapungua moja ya sita na kinu kitasaga polepole. Halafu angalia kama ni delta 400, yaani koili zake huungwa kwa pembetatu kwenye volti 400, fundi akiiunga sta (kwa nyota) moja kwa moja nguvu inabaki theluthi, hapo ndio utaambiwa tena ni ndogo.

Ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, iseti kwa ampia za kwenye kibao, kwa hiyo yako ni kama 15 hivi, sio "tuweke 25 isisumbue". Weka na kinga ya fezi, moja ikikatika mota ikabaki na mbili haichukui muda kuungua.

Hii uliyonayo ukishaisuka, msimu ukiisha ifute chumvi, acha hita iwake miezi yote ya mvua, kama haina hita ifunike na turubai uweke balbu ya zamani ya wati 60 chini yake, mbali na turubai lisiungue. Siku ya kufungua msimu, kabla ya kugusa swichi, mwite mtu mwenye mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 apime kati ya waya na bodi. Ikisoma chini ya megaomu 5 usiwashe, endelea kuikausha na balbu siku mbili tatu upime tena.