Unapopima Programu ya Simu kwa Watumiaji Viziwi

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu kupima programu za simu kwa watumiaji viziwi huanza kwa kuuliza kama video zina manukuu, yaani maandishi ya yale yanayosemwa. Ni swali la lazima, na mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti na programu zitumike na watu wenye ulemavu, uliotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, unaweka manukuu ya video zilizorekodiwa katika daraja A, yaani daraja la chini kabisa la matakwa yake, lakini jibu lake halikwambii kama programu inatumika kwa urahisi.

Katika majaribio niliyosimamia, mara nyingi njia ya kupima ndiyo iliyoharibu matokeo. Desturi ya kumtaka mshiriki aeleze anachofikiri huku akiendelea kubonyeza skrini haimfai anayezungumza kwa lugha ya alama, kwa kuwa mikono inayoshika simu ndiyo inayozungumza, na macho yanayosoma skrini ndiyo yanayomtazama mkalimani. Ukimkatiza, utakuwa umepima muda wa mazungumzo yenu. Mwache amalize kazi, ukirekodi skrini pamoja na mikono na uso wake (uso ni sehemu ya sarufi ya lugha za alama), kisha itazameni rekodi pamoja na umwulize aliwaza nini pale aliposita. Mkalimani naye aombwe mapema asimfafanulie programu.

Hojaji nayo ina mitego. Ile ya SUS (System Usability Scale), ya kupima urahisi wa kutumia mfumo, iliyobuniwa na John Brooke mwaka 1986, ina kauli 10 zinazopishana, moja ya kusifu na nyingine ya kukosoa, na mtu ambaye maandishi kwake ni lugha ya pili anaweza kukubali kauli aliyokusudia kuipinga. Itafsiriwe kwa video ya lugha ya alama, na viziwi wengine waikague kwanza.

Zaidi ya yote, mpe mshiriki kazi za wakati mambo yanapokwama: nenosiri limesahaulika, akaunti imefungwa, malipo yamekataliwa. Niliwahi kupima programu yenye manukuu mazuri sana, ambayo njia yake pekee ya kurejesha akaunti ilikuwa kupigiwa simu na kusomewa namba. Mtumiaji kiziwi aliyefika hapo alikuwa amefungiwa nje kabisa, na hilo ni jambo la kuumiza.

Mwisho, usichanganye matokeo ya waliokua na lugha ya alama na ya waliopoteza usikivu ukubwani, kwa sababu wastani mmoja utayaficha matatizo ya makundi yote mawili.