Usiipitishe seftriaksoni kwenye dripu ya Ringa ya mtoto huyo

Usimpe. Umeandika kwamba hapo Pangani una mtoto wa siku 9 mwenye homa, ameshatundikiwa dripu ya Ringa (maji yenye chumvichumvi ya mshipani), na unauliza umwandikie seftriaksoni, dawa ya sindano ya kuua bakteria, kwa siku ngapi, ipite kwenye kanula hiyo hiyo, yaani kile kijirija kilichomo mshipani. Ringa ina kalsiamu. Seftriaksoni ikikutana na kalsiamu hugeuka chembe ngumu zisizoyeyuka, na chembe hizo zimewahi kukutwa kwenye mapafu na figo za watoto wachanga waliokufa. Kwa mtoto wa siku 28 kushuka chini, dawa hii haitolewi kabisa ikiwa anapata au atahitaji dripu yenye kalsiamu, hata ukitumia mishipa miwili na saa tofauti.

Nilipoanza kazi hapa Tanga, mkubwa wangu wa zamu alitufundisha kwamba dawa za mshipani zote huchanganyika, kwa kuwa "yote ni maji." Siku moja aliagiza mgonjwa mtu mzima asukumiwe seftriaksoni huku Ringa ikitiririka. Kwenye mrija, karibu kabisa na kanula, palitanda weupe kama maziwa yaliyokatika, kisha dripu ikagoma. Tulifunga, tukang'oa kanula, tukatafuta mshipa wa mkono mwingine. Yeye akasema ni damu imeganda. Jambo hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu karatasi ya maelezo ilikuwa ndani ya boksi la dawa, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilikwisha kutoa tahadhari tangu mwaka 2007. Anayefundisha vijana kutibu hana ruhusa ya kukisia.

Kwa mgonjwa aliyevuka siku 28 unaweza kutoa seftriaksoni na dripu yenye kalsiamu, kimoja baada ya kingine, mradi mrija usafishwe vizuri katikati kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kuchanganya ni marufuku kwa umri wowote. Mtoto mchanga mwenye macho ya manjano ana hatari nyingine, kwani seftriaksoni huiondoa bilirubini, ile rangi inayoleta umanjano, kwenye protini inayoibeba damuni, na bilirubini hiyo huweza kufika kwenye ubongo.

Huyo wako mwanzie ampisilini na jentamaisini kwa kipimo cha uzito wake, kisha umpe rufaa leo hii. Na kabla ya kufungua kichupa chochote cha seftriaksoni, igeuze chupa ya dripu usome kibandiko chake. Ukiona kalsiamu kwa mtoto wa umri huo, dawa irudi kabatini, hata kama mama yake ameshailipia.