Grili ya Henzerani kwa Amplifaya ya Gitaa: Anza na Fremu

Wengi wanaotaka kuivisha amplifaya ya gitaa uso wa henzerani huanza kwa kutafuta msuko mzuri, na fremu huja kukatwa baadaye kwa vipande vya mbao vilivyobaki karakana. Mimi nashauri mpangilio huo ugeuzwe. Henzerani hutandazwa ikiwa imelowa, na inapokauka hujikaza kwa nguvu ambayo mtu asiyewahi kuishika hawezi kuikisia: fremu nyembamba huvutwa kwa ndani, viungo vya kona huachana, na grili, yaani uso huo wa kufunika spika, hugoma kuingia katika sanduku ambalo kabla ya hapo ilikuwa ikilitosha sawasawa.

Kwa sababu hiyo napendelea fremu ya plaiwudi ya milimita 12, tena iliyokatwa kutoka katika ubao mmoja kwa kutoboa dirisha katikati, badala ya kuunganisha vipande vinne. Plaiwudi zaidi hutumika, ni kweli, lakini hakuna kiungo cha kuachana. Kingo ziachwe na upana wa sentimita nne au tano, mradi zisiingie mbele ya koni ya spika (sehemu inayotikisika kutoa sauti), na kama sanduku lina spika mbili, uache pia mhimili wa kusimama katikati yake. Pima nafasi kati ya fremu na sanduku kabla ya kukata, ukikumbuka kwamba msuko utakaokunjwa kuelekea nyuma utaongeza unene kila upande. Pengo la milimita mbili au tatu kila upande kwa kawaida hutosha. Kisha paka fremu yote rangi nyeusi isiyong'aa, kwa maana mbao nyeupe huonekana kupitia matundu na kuharibu sura yote ya kazi.

Kuhusu msuko wenyewe, sioni sababu ya kuusuka kwa mkono. Shuka za henzerani zilizokwisha kusukwa, zile zinazotumika kwenye viti vya kukalia, huuzwa kwa kipimo, na zenye matundu makubwa ndizo zinazofaa zaidi. Amplifaya za Mesa/Boogie za miaka ya 1970, zenye sanduku la mbao ngumu na uso wa henzerani, ndizo zilizowatia wapiga gitaa wengi hamu ya sura hii, na si ajabu kwamba wanaotengeneza wenyewe hadi leo hujaribu kuikaribia. Msuko uliobana kabisa, usioacha matundu, unapendeza ukutani, lakini mbele ya spika hupunguza ukali wa sauti. Nyuzi zenyewe si tatizo: wimbi la sauti la hezi 5,000, ambalo liko karibu na mwisho wa kile ambacho spika ya gitaa hukitoa kwa nguvu, lina urefu wa takriban sentimita saba, hivyo hupita kando ya uzi wa milimita tatu kana kwamba haupo. Linaloamua ni kiasi cha uwazi uliobaki. Kanuni hiyohiyo inahusu kitambaa cheusi ambacho wengi hukiweka nyuma ya msuko ili spika isionekane. Kabla ya kukikata, kishikilie mdomoni upulize, na kama pumzi inapita kwa shida, tafuta kingine.

Loweka shuka katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka uweze kuikunja bila kusikia nyuzi zikilia. Usitumie maji yanayochemka wala kuilaza majini usiku kucha, kwani henzerani hubadilika rangi na kudhoofika. Ikatwe ikiwa na ziada ya sentimita tano hivi kila upande, itandazwe upande unaong'aa ukiwa nje, na mistari yake ilinganishwe na ukingo wa fremu kabla ya pini ya kwanza. Msuko uliokwenda upande huonekana kutoka mwisho wa ukumbi. Anza katikati ya kila ubavu ukielekea kona, na uuvute kiasi cha kunyooka tu. Kazi ya kukaza yaachie maji yanapotoka. Anayeukaza kwa nguvu ukiwa bado umelowa huishia kukata nyuzi au kuipinda fremu.

Njia nyepesi ya kuufunga ni kuukunja nyuma na kuupiga pini za stepla, na hapa mambo mawili hayana mjadala: ukingo wa fremu uviringwe kwa msasa, kwa kuwa ganda la henzerani hupasuka kwenye kona kali, na pini ziwe za chuma kisichoshika kutu, la sivyo unyevu utaacha madoa ya kahawia. Njia ya mafundi wa viti ni safi zaidi: huchongwa mfuo wa milimita tano kuzunguka dirisha, msuko husukumwa ndani yake kwa kabari, ziada hukatwa kwa patasi, kisha uzi mnene wa henzerani hupigwa juu yake kwa gundi ya mbao. Kwa grili ya kwanza, stepla inatosha.

Baada ya hapo ilaze bapa, mbali na jua kali na kifaa chochote cha joto, walau siku nzima.

Kabla ya kuipongeza kazi, isikilize. Grili iliyokauka vizuri inaweza kuanza kulia mara tu amplifaya inapopandishwa sauti, na mara nyingi chanzo ni fremu inayogonga sanduku, si msuko. Ifunge kwa velkro nene kwenye kona na katikati ya kila ubavu, kisha piga uzi mnene kuliko wote wa gitaa ukiwa wazi, bila kuubana, ambao hutoa takriban hezi 82, na upande polepole nusu toni moja baada ya nyingine. Mlio ukijitokeza kwenye noti fulani, endelea kuipiga noti hiyo huku mwenzako akibonyeza fremu sehemu mbalimbali. Palipounyamazisha mlio ndipo pa kuongeza velkro au kipande cha sponji. Hakikisha pia kwamba kati ya msuko na ukingo wa koni kuna walau sentimita moja, hasa kama spika imefungwa kwa mbele ya ubao wake.

Vanishi haishiki vizuri kwenye ganda linalong'aa, na mimi huiacha henzerani ilivyo. Yenyewe hugeuka rangi ya asali kadiri miaka inavyopita. Amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayopata moto) hutoa joto linaloikausha, kwa hiyo kila baada ya miezi michache ivue grili, iweke mbali na umeme, na unyunyize maji kidogo upande wa nyuma, ambao ndio unaonyonya maji. Irudishe ikiwa imekauka kabisa.