Ekstensheni ya tafsiri imeingia, mbona haioni faili zangu?

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Masasi, natengeneza mfumo wa kupokelea korosho kwa ajili ya chama chetu cha msingi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Nimeweka i18n Ally, ekstensheni ya kusimamia tafsiri, kwenye VS Code (programu ya kuandikia msimbo) ili nihariri sw.json na en.json, yaani faili za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, kwa pamoja. Faili zipo kwenye src/lugha. Haionyeshi chochote. Nimeifuta na kuiweka upya mpaka bando limekata. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Acha kuifuta, ekstensheni ni nzima. Shida ni hiyo folda uliyoiita "lugha". i18n Ally hutafuta yenyewe majina iliyozoea, kama locales, i18n au lang. Jina lako ni zuri na wala usilibadilishe, ielekeze tu. Ndani ya mradi tengeneza .vscode/settings.json, uandike:

{
  "i18n-ally.localesPaths": ["src/lugha"],
  "i18n-ally.sourceLanguage": "sw",
  "i18n-ally.keystyle": "nested"
}

Mstari wa mwisho unategemea ulivyopanga maneno yako. Kama "uzito" umo ndani ya mabano ya "mzigo", acha nested. Kama umeandika "mzigo.uzito" kwa mkupuo, weka flat, la sivyo ukihariri itakuandikia kwa mpangilio usioutaka.

Ikiendelea kunyamaza, tazama umefungua folda gani. Ekstensheni hii husoma package.json, faili linaloorodhesha maktaba za mradi, ili ijue unatumia maktaba ipi, vue-i18n, i18next au nyingine. Ukifungua folda kubwa yenye seva na kurasa pamoja, huku package.json imo ndani zaidi, haitaiona. Fungua folda yenye faili hilo. Halafu ingia paneli ya Output, chagua i18n Ally, usome imegundua nini. Watu wanaipita paneli hiyo kila siku kisha wanalalamika.

Kuhusu bando: ukifika Mtwara mjini kwenye intaneti ya uhakika, bofya kulia jina la ekstensheni na uchague Download VSIX (VS Code iwe toleo jipya). Libebe faili hilo kwenye flashi. Kwenye kila kompyuta ya chama fungua upande wa ekstensheni, bonyeza nukta tatu, chagua Install from VSIX. Hakuna kupakua tena. Ile settings.json nayo isafiri na mradi, wenzako wasihangaike kuandika upya.

Kitufe cha kutafsiri chenyewe utakiona. Kwa "Hifadhi" na "Ghairi" kitumie, lakini maneno ya mizani, madaraja ya korosho na stakabadhi ya ghala muulize karani wenu, maana mkulima atasaini karatasi hiyo.

Na sortKeys, mpangilio wa kupanga maneno kwa alfabeti, usiiwashe katikati ya kazi ya watu wawili. Inapanga upya faili zima, na kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, mistari mingi itaonekana imebadilika.