Maji ya kijani kizito, samaki wanahema alfajiri

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina bwawa la udongo huku Mbinga, mita 10 kwa 15, kina kama mita moja, na ndani mna sato 400. Umeme haujatufikia, maji nayaleta kwa mfereji kutoka kijitoni. Juu ya bwawa nimejenga banda la kuku 120, kinyesi kinadondoka majini chenyewe. Tangu mwezi uliopita maji yamekuwa kijani kizito, pembeni umejaa mwani wa nyuzinyuzi, na alfajiri samaki wanapanda juu kuhema. Jirani ananiambia niweke mrututu kuua mwani, mwingine anasema ninunue pampu ya sola. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba. Pampu isubiri, na mrututu usiuweke kabisa.

Kijani chenyewe si ugonjwa. Sato hula mwani ule mdogo unaoelea, na bwawa lenye kijani cha wastani hukupunguzia gharama ya chakula. Pima hivi: simama majini, zamisha mkono wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni pale maji yanapofika kiwikoni, bwawa lako liko vizuri. Kikipotea mapema, kabla hata ya nusu ya njia, mwani umezidi. Kwa maelezo yako, nadhani hutakiona hata maji yakivuka kifundo cha mkono.

Sasa hizo alfajiri, kwa sababu ndizo zinazonitia wasiwasi. Mchana mwani hutumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Jua likizama, utoaji unakoma, lakini kupumua hakukomi: mwani unapumua, samaki wanapumua, na vijidudu vinavyoozesha kinyesi chini kwenye tope vinapumua pia. Wote wanakula akiba ya mchana, na akiba hiyo hufika chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Mwani ukiwa mwingi, unaimaliza mapema. Siku zikiwa za mawingu mfululizo hali huwa mbaya zaidi, maana mchana hakuna kilichowekwa akiba.

Hapo utaona kwa nini mrututu ni hatari. Utaua mwani wote kwa mpigo, mwani huo utazama na kuoza, na uozo huo utanyonya oksijeni kidogo iliyobaki. Isitoshe, maji ya vijito vya milimani mara nyingi yana chokaa kidogo, na katika maji ya namna hiyo shaba iliyomo kwenye mrututu huwa sumu kali kwa samaki wenyewe. Na baada ya wiki chache mwani utarudi, kwa sababu chakula chake bado kipo.

Chakula hicho ni kuku wako. Kuku wa mayai hutoa takribani gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku. Kuku 120 ni kilo 12 kila siku, zaidi ya kilo 80 kwa wiki, zikiingia kwenye bwawa la mita za mraba 150, jua liwake au mvua inyeshe. Ufugaji wa kuku juu ya bwawa ni mzuri, sikukatazi, lakini kwa eneo lako kuku 75 wangetosha. Tena ubaya wa kinyesi kinachodondoka chenyewe ni kwamba huwezi kukisimamisha. Tandika maturubai au mabati chini ya sakafu ya banda leo hii, kinyesi kikusanye, kipeleke kwenye kahawa. Maji yakirudi kwenye kipimo cha kiwiko, rudisha kidogo kidogo. Kama unawapa samaki pumba pia, simamisha mpaka waache kuhema.

Pampu ya sola isiyo na betri hufanya kazi mchana, wakati mwani wenyewe unatoa oksijeni. Shida yako ni saa kumi usiku. Wewe una kitu bora: kijito na mteremko. Leta maji kwa bomba lililoinuliwa juu ya bwawa kama nusu mita, yaangukie mawe na kutawanyika. Hapo ndipo yanaposhika hewa. Yafungulie usiku mpaka asubuhi, na mdomoni funga wavu mdogo samaki wa kijitoni wasiingie. Bomba la kutolea maji livalishe bomba pana lililotobolewa chini, ili yatoke maji ya chini yaliyochoka, si yale mazuri ya juu. Siku samaki wakihema sana na maji hayatoshi, chota kwa ndoo na kuyamwaga toka juu mpaka jua litoke. Ni kazi ngumu, lakini huokoa bwawa.

Mwani wa nyuzi ni suala jingine. Huota pale jua linapofika chini, yaani kwenye kingo zenye kina kifupi. Uvute kwa reki, uutupe kwenye mboji, kisha ukivuna chimba kingo zishuke sentimita 80 tangu ukingoni. Bata usiwaongeze, nao wanarutubisha maji.

Utakapovuna, kausha bwawa mpaka tope lipasuke, lizoe lipeleke migombani, kisha nyunyiza chokaa ya kilimo kabla ya kujaza maji na kupandikiza vifaranga wapya.